Mbwa anatetemeka masasi yakilia: je, matone ya CBD yanaweza kumsaidia?

Wenye kufuga mbwa katika mji wa Uvira wanajua jambo moja ambalo redio na magazeti hawalisemagi: masasi yakilia, si watu peke yao wanaotafuta pa kujificha. Mbwa ambaye kila usiku analinda lupango na kubwekea kila mpita njia, siku hiyo anaingia chini ya kitanda, anatetemeka, anajikojolea. Mwingine anavuta mnyororo mpaka shingo inatoka damu. Mwingine anaruka ukuta na haonekane tena.

Na masasi hayakukosekana. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka na askari wakashuka kwa wingi mpaka Uvira, milio ilisikika ndani ya mji wenyewe siku mfululizo, mchana na usiku. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo vita ikafika mjini, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi na kile walichoweza kubeba. Katika lupango nyingi aliyebaki ni mbwa. Mtu akirudi nyumbani, anamkuta mnyama wake hai lakini si yule aliyemwacha: mlango ukigongwa anakimbia, pikipiki ikipasua moshi anajificha, mtoto akiangusha sufuria anatoa meno.

Njo maana swali la matone linazunguka sasa. Familia nyingi za Uvira, Fizi na nyanda za Ruzizi zina watu Marekani, Kanada, Australia na Ulaya, wengi wao waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania. Huko wanaona katika maduka chupa ndogo yenye kitonesho, na picha ya mbwa anayelala kwa amani, na herufi tatu: CBD. Wanapiga foto, wanatuma kwa WhatsApp: mpe mbwa matone haya, atatulia. Halafu huku nyumbani mtu anajiambia: kama dawa yenyewe inatoka katika bangi, na bangi iko hapa hapa, kwa nini kungojea chupa ya Amerika?

Hapo sasa ndipo hatari inaanzia.

CBD ni kitu gani

Mmea wa bangi una ndani yake vitu vya kemia zaidi ya 100 vya ukoo mmoja. Viwili ndivyo vinavyojulikana sana. Cha kwanza kinaitwa THC. Hicho ndicho kinacholevya, kinachofanya mvutaji acheke bila sababu, asikie njaa, au aingiwe na woga wa bure. Cha pili ni kanabidioli, ambayo watu wanaifupisha CBD. Hii hailevyi. Kanabidioli ilitolewa katika mmea mara ya kwanza 1940 na mwanakemia Mmarekani Roger Adams, na THC ikatambuliwa sawasawa 1964 na watafiti wa Israeli, Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilichunguza CBD safi na mwaka 2018 likasema haionyeshi dalili za kumfanya mtu awe mtumwa wake.

Kwa binadamu, kuko ugonjwa ambao CBD imekwisha kukubaliwa kama dawa ya kweli: aina fulani kali za kifafa cha watoto. Mwezi wa sita 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikubali dawa moja ya CBD inayoitwa Epidiolex. Mwisho wa mwaka huo huo sheria ya kilimo ya Marekani ikaruhusu kulima bangi ambayo THC yake haipiti asilimia 0.3. Kuanzia pale biashara ikafunguka kama mlango uliovunjwa: mafuta, biskuti, sabuni, na vitu vya mbwa na paka. Lakini jambo hili lisikilizwe vizuri: FDA haijakubali dawa yoyote ya CBD kwa mnyama. Chupa zile zinauzwa, ndiyo, lakini hakuna mamlaka iliyosema zinatibu woga wa mbwa. FDA yenyewe ilipima bidhaa mbalimbali za CBD na kukuta nyingine hazina kipimo kilichoandikwa juu ya chupa.

Sasa linganisha na bangi ya hapa. Bangi inayouzwa kwa siri hapa kwetu inalimwa kwa kuvutwa, na mvutaji anachotafuta ni THC. Hakuna mtu anayelima bangi ili isilevye. Kwa hiyo anayechemsha majani na kumpa mbwa, au anayempulizia moshi puani kama vile vijana wengine wanafanya kwa mchezo, hampi CBD. Anampa THC, na kwa kipimo ambacho hakuna anayekijua.

Mbwa na THC hawapatani. Katika ubongo wa mbwa, sehemu inayosimamia mwendo na usawa wa mwili ina vipokezi vingi sana vya kitu hicho, na njo maana mbwa aliyekula bangi anayumba kama mlevi, miguu imepanuka, kichwa kinatikisika. Anadondosha mkojo bila kujua. Mapigo ya moyo yanashuka, mwili unapoa. Ukipitisha mkono karibu na uso wake anashtuka kana kwamba umempiga. Kusema kweli, mbwa wa namna hiyo hakutulizwa. Ameongezewa woga, na miguu ya kukimbia imechukuliwa. Wengi wanapona baada ya siku moja au mbili, lakini mdogo au mgonjwa anaweza kufa, hasa kama alikula mingi, au kama bangi ilikuwa imechanganywa na keki ya chokoleti, ambayo nayo ni sumu kwa mbwa.

Je, watafiti walikuta nini?

Tuseme basi chupa ni ya kweli, imetoka Marekani, ina CBD safi bila THC. Inasaidia?

Majibu ya watafiti hayafanani. Mwaka 2020 watu wa chuo kikuu cha Kentucky waliwapa mbwa biskuti zenye CBD, kisha wakawasikilizisha sauti ya fataki. Kwa kipimo walichotumia, miligramu 1.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, hawakuona CBD ikipunguza woga wa sauti. Mwaka 2023 watafiti wengine walijaribu kipimo kikubwa zaidi, kama miligramu 4 kwa kilo, mara moja tu, masaa mawili mbele ya kumwacha mbwa peke yake au kumpakia ndani ya gari. Hapo waliona dalili fulani za mahangaiko zikipungua, kati ya hizo kortisoli, ile homoni ambayo mwili unaimwaga wakati wa shida. Dalili nyingine hazikubadilika.

Piga hesabu hiyo kwa mbwa wa Kimanga au Kalundu. Mbwa wa lupango mwenye kilo 20, kwa miligramu 4 kila kilo, anahitaji miligramu 80. Chupa iliyoandikwa miligramu 300 inamfikisha mara tatu, ya nne haijai. Yale matone mawili matatu ambayo shemeji wa Amerika anashauri hayafiki hata karibu. Na hesabu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza: dawa inapewa masaa mawili mbele. Radi inaweza kutabirika mawingu yakisimama juu ya milima. Petadi za usiku wa Bonane zina tarehe. Lakini nani anajua masaa mawili mbele kwamba masasi yatalia Kasenga?

Tena CBD haikosi madhara yake. Kwa mbwa inaweza kuleta kuharisha na usingizi, na katika vipimo vya damu kimeng'enya kimoja cha ini kinapanda. Inagongana na dawa nyingine zinazopita kwenye ini. Na kuna mafuta yaliyotiwa utamu wa ksilitoli: kitu hicho mtu anakitafuna katika chingamu bila shida, mbwa kinamwangusha sukari ya damu na kinaweza kumuua.

Halafu kuna sheria. Katika Kongo bangi imekatazwa tangu wakati wa ukoloni, na hakuna mlango wa pembeni uliofunguliwa kwa ajili ya mafuta ya mbwa. Rwanda iliruhusu 2020 kilimo cha bangi ya dawa, lakini ni kwa kuuza nje, chini ya leseni na ulinzi. Si ruhusa ya mtu kutembea nayo mfukoni. Mwezi wa kumi na mbili 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya madawa ya kulevya iliitoa bangi katika orodha ya vitu vikali kabisa, lakini pendekezo la kuiweka CBD nje ya udhibiti halikupita. Kwa hiyo anayeleta chupa yenye picha ya jani la bangi, akapita nayo Gatumba mpaka Kavimvira, ajue kwamba mbele ya mtu wa duane atakuwa na maelezo mengi na karatasi hakuna. Hakuna mashini mpakani ya kutenganisha CBD na THC. Kuko jani kwenye chupa, basi.

Kwanza ujue kama ni woga

Mambo yote ya juu yana uzito mdogo mbele ya hili. Mbwa aliyebadilika tabia si lazima awe na woga. Anaweza kuwa na kichaa.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao kwa Kifaransa unaitwa rage, unaua watu karibu 59,000 duniani kila mwaka kwa hesabu ya OMS, karibu wote Afrika na Asia, na mara 99 juu ya 100 umetoka kwa mbwa. Wanne kati ya kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, mgonjwa ni wa kufa. Mwaka 1885 Louis Pasteur alionyesha kwamba chanjo ikitolewa mapema baada ya kuumwa inaokoa, na mpaka leo njia ni hiyo hiyo: mbele ya dalili, si nyuma.

Wakati wa vita mambo mawili yanatokea pamoja. Mbwa wengi wanatangatanga bila mwenyewe, wanapigana na kuumana. Na chanjo za mifugo zinasimama. Mbwa aliyeumwa na mwenzake siku ya kukimbia anaweza kukaa majuma mengi, hata miezi, bila dalili. Siku zinapofika, dalili ya kwanza mara nyingi ni tabia tu. Mpole anakuwa mkali. Mkali anakuwa mpole ajabu, anakuja kulamba kila mtu. Anajificha gizani. Mwenyewe anasema: ni masasi yamemharibu akili. Anamsogelea, anambembeleza, anafungua kinywa chake ampe matone.

Kutofautisha kunawezekana, ingawa si kila mara. Woga wa sauti una mwanzo na mwisho: sauti inakuja, mbwa anatetemeka, sauti inakwisha, baada ya masaa anarudia kula bugali yake na vichwa vya ndagala, anakunywa, anamjua mwenyewe. Mwenye kichaa anaendelea kuharibika siku kwa siku hata mtaa ukiwa kimya. Sauti ya kubweka inabadilika, inakuwa nzito au kama ya kulia. Mate yanamwagika kwa sababu koo limeshindwa kumeza. Taya linaweza kuning'inia. Anatafuna miti, udongo, chuma. Miguu ya nyuma inalegea, kisha anakufa, kwa kawaida mbele ya siku kumi tangu dalili kuanza. Na hapa kosa la zamani lirekebishwe: watu wanaweka sahani ya maji kumjaribu, na mbwa asipoogopa maji wanasema ni mzima. Kuogopa maji ni dalili ya mtu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kusimama ndani ya mto Mulongwe bila wasiwasi.

Ona sasa kwa nini bangi ni mbaya mara mbili. Mbwa aliyelishwa bangi anayumba, anadondosha mate, haelewi. Jirani akimwona atasema ni kichaa, na mawe yatamuua mnyama ambaye hakuwa na ugonjwa. Na kinyume chake, mwenye kichaa wa kweli atachukuliwa kuwa amelewa tu, watoto wataachwa karibu naye. Dawa hiyo inafuta alama zile zile ambazo watu wangetumia kujilinda.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda: osha pale pale kwa maji mengi ya kutiririka na sabuni, dakika 15 nzima kwa saa, si kukisia. Usiweke pilipili, majivu, petroli wala jiwe nyeusi. Siku hiyo hiyo nenda kituo cha afya au hospitali kuu ya rufaa ya Uvira, ueleze mbwa alikuwa wa nani na alikuwa namna gani. Chanjo haipatikani kila siku kila fasi, kwa hiyo anayechelewa kuuliza anachelewa kupata. Mbwa, kama inawezekana kumfunga bila mtu mwingine kuumwa, asiuawe mara moja. Afungiwe siku kumi na kuangaliwa. Akibaki mzima siku zile zote, hakuwa na virusi katika mate siku alipouma. Akifa, mjulishe mtu wa huduma ya mifugo, na nyama yake isiliwe, ngozi isichunwe.

Chanjo ya mbwa mwenyewe ni jambo la kufanya mbele ya yote. Ikifika kwa mbwa 70 juu ya 100 wa eneo moja, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ofisi za huduma ya kilimo, uvuvi na mifugo, za mji na za tarafa, ndiko kwa kuuliza lini na wapi. Wataalamu wa mifugo wa upande huu wamezoea zaidi ng'ombe wa Ruzizi na mbuzi wa milimani, lakini kichaa wanakijua.

Kama ni woga, basi kuna nini cha kufanya

Kuna mingi, na karibu yote haina bei.

Sikio la mtu linaishia kwenye sauti za hertz 20,000. La mbwa linapita 40,000. Mlio ambao kwetu unatoka mbali Kiliba, kwake uko nyuma ya nyumba. Na haujui maana yake. Mtu anajiambia masasi yako upande wa mlima, hayaji huku. Mbwa hana wa kumwambia. Mwili wake unamwaga adrenalini na kumwambia kitu kimoja tu, kimbia. Kama mnyororo unamzuia kukimbia, woga unageuka kuwa hasira au kukata tamaa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa nje wakati wa milio anajinyonga, au anauma mkono unaokuja kumsaidia. Mpe fasi ya kuingia: chini ya kitanda, jikoni, nyuma ya magunia, katikati ya kuta mbili. Giza na nguo za kuzuia dirisha zinasaidia. Akichagua mwenyewe pa kujificha, mwache pale; paka vilevile, usimvute kwa mkia kumtoa.

Tena usitoke nje kumtafuta mbwa masasi yakilia. Uhai wako kwanza.

Wazee wengi wanaamini kwamba ukimbembeleza mbwa anayeogopa unamfundisha kuogopa zaidi. Si kweli. Woga si mchezo ambao anaufanya ili apewe zawadi. Kama anakuja kwako, kaa naye, sema kwa sauti ya chini, weka mkono mzito na mtulivu juu ya kifua. Kinachoharibu ni fimbo. Mbwa akipigwa wakati wa mlio, anajifunza kwamba mlio unaleta maumivu, na mara ya pili atakuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Sauti ya kawaida inafunika sauti mbaya. Redio iliyowashwa, hata ya kwetu, inaweza kusaidia wakati wa radi au usiku wa feti, ikiwa betri inaruhusu. Usiku ambao familia yenyewe inajificha, hapana, zima.

Baadaye, siku za amani, kuko mafunzo ambayo waganga wa wanyama wanayatumia dunia nzima. Chukua sauti ya radi au ya mlio ndani ya telefone, iweke chini kabisa, chini hata mbwa asijali. Wakati inasikika, mpe kitu anachopenda sana: kichwa cha samaki, kipande cha ini. Sauti inakwisha, chakula kinakwisha. Siku nyingine tena. Ongeza sauti kidogo baada ya siku nyingi, na akionyesha woga rudi nyuma. Kazi hii inachukua majuma, si siku mbili, na mwenye haraka anaiharibu. Watoto wa nyumba wanaweza kuifanya vizuri kuliko wakubwa, maana wana uvumilivu na mbwa. Chakula hicho kisiwe na vitunguu, ambavyo vinaharibu damu ya mbwa.

Mazoezi ya kila siku nayo si kitu kidogo. Mbwa aliyetembezwa asubuhi kando ya ziwa, anayekula saa zile zile, analala. Yule wa mnyororo wa metre moja miaka mitano, hata bila vita, akili yake imekwisha kuchoka.

Na madawa? Dawa za woga wa mbwa zipo na zimekubaliwa. Marekani kuna Sileo, dawa ya kupaka kwenye ufizi, iliyotengenezwa hasa kwa woga wa sauti, na kuna vidonge vinavyotumika kwa mbwa asiyeweza kuachwa peke yake. Hizo zina uthibitisho kuliko CBD. Lakini ni za kuandikwa na mganga wa wanyama, kwa uzito wa mnyama, na Uvira si rahisi kuzipata. Kosa linalofanyika ni kufungua sanduku la dawa za watu. Valium kwa mbwa wengine inaleta vurugu badala ya usingizi. Ibuprofeni inamtoboa mbwa tumbo na kumwua figo. Paracetamol, kidonge kimoja tu, inatosha kumuua paka. Hata dawa fulani za zamani za kulaza wanyama, waganga wa leo hawapendi kuzitumia peke yake kwa woga wa sauti: mbwa analala kama gogo lakini anasikia yote, na woga uko ndani.

Kwa wale ambao wanajua nini ni kukimbia, kuko jambo la kutayarisha mapema. Kama mbwa hawezi kwenda, mfungue. Mnyama aliyeachwa kwenye mnyororo katika lupango iliyofungwa anakufa kwa kiu katika siku chache, wakati aliyefunguliwa anaweza kujitafutia maji ya mto au ya ziwa. Acha mlango wa nyuma wazi, ndoo mbili za maji kivulini. Mkanda wa shingo wenye namba ya telefone iliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika umekwisha kurudisha mbwa kwa wenyewe katika nchi nyingi zilizopita vita. Anayevuka na mbwa wake abebe karatasi ya chanjo ya kichaa. Mpakani ni ya kwanza kuulizwa. Ukirudi na kumkuta hai, usimkumbatie siku ya kwanza. Mwangalie kwa mbali siku kadhaa, anakula namna gani, anatembea namna gani, ana kidonda cha kuumwa au hapana, halafu umpeleke kuchanjwa.

Mvua nazo ziko njiani kila mwaka, na hapa kwetu radi si jambo dogo. Uchunguzi uliotolewa 2016 kwa picha za satelaiti za NASA uliweka Kabare, hapa Kivu ya Kusini, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kampene ya Maniema ilikuwa ya tatu, na Sake ya Kivu ya Kaskazini haikuwa mbali. Mtoto wa mbwa anayezaliwa upande huu atasikia ngurumo maisha yake yote. Kati ya juma la tatu na la kumi na mbili hivi la umri wake, akili yake iko wazi kupokea mambo mapya bila woga. Mwenye kununua mtoto wa mbwa amzoeshe ndani ya siku hizo: sauti ya sufuria, ya pikipiki, ya mashini ya kusaga, ya mvua juu ya mabati, kidogo kidogo, pamoja na chakula na mchezo.